Mkufu wa Shingo Iliyorudi

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema wala ya wafalme kuoa majini, bali zamani ya juzi ambayo baadhi ya mashahidi wake wangali wanatembea kwa miguu yao, palikuwa na mji wa mlimani ulioitwa Kisanzala. Mji ule ulikuwa mbali na bahari. Chumvi yake watu waliipata kwa kuchoma majani ya kinamasi na kuchuja majivu, na chumvi ile ilitia ladha chakulani, lakini ilikosa kile ambacho shingo ya mwanadamu inakihitaji. Kwa hiyo wanawake wengi wa Kisanzala waliota rovu, ule uvimbe wa kooni, wengine wakiwa wamekwisha kuzaa, wengine wakiwa wangali wari. Rovu dogo liliitwa pambo. Rovu kubwa halikutajwa.

Maradhi yakikaa mno na watu huzaa ada zake, na mji ule ulikuwa na ada hii. Mwenye kuondokewa na rovu, kwa dawa au kwa kisu, alitwaa kile kilichokuwa kikikaa shingoni mwake kabla ya maradhi, kiwe ushanga au kiwe dhahabu, akamvika yule aliyemrudishia shingo yake. Mmoja tu, si wawili, kwa maana shingo haigawanyiki. Na aliyevishwa aliitwa ndugu wa shingo. Hakunyimwa neno akiomba. Hakukaa nyuma penye harusi wala penye msiba. Na siku ya mauti ya mwenzake, jeneza halikunyanyuliwa mpaka yeye aseme kwa kinywa chake: mchukueni.

Katika mji huo aliishi Bi Salhina, mwalimu wa chuo cha wasichana. Alikuwa mke wa pili wa Mzee Hangai, mwanamke mnene tangu ujana wake, mwenye mikono iliyojaa na mwendo wa taratibu, na sauti ambayo watu walisema iliteremka bonde na kupanda upande wa pili bila kuchoka. Wasichana wa mitaa mingi walijifunza herufi kwa kuifuata sauti ile. Alisema, wakasema. Alirefusha, wakarefusha. Hakuwa na mtoto wa tumbo, na hakulilia. Alikuwa akisema kwamba watoto wake aliwazaa kwa koo.

Mke wa kwanza wa Mzee Hangai alikuwa Bi Zamda, mwembamba kama ufito, mwepesi wa miguu na wa ulimi. Watu wa mji walicheka wakasema kwamba katika nyumba ile bi mdogo ndiye mkubwa na bi mkubwa ndiye mdogo. Vyumba vyao vilitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo, na kati yao palikuwa na jambo moja lisilopoa. Mama yake Mzee Hangai alikuwa na mkufu wa fedha, uliofuliwa zamani, wa pete ndogondogo zilizoshikana kama mikono ya watu katika dhikiri. Mila ilitaka mkufu ule umfikie mke wa kwanza. Lakini bibi kizee yule alimpenda Salhina kwa kisomo chake, akamvika yeye siku ya harusi, mbele ya Zamda. Zamda hakusema neno siku ile. Alilisema kidogokidogo miaka yote iliyofuata.

Kisha rovu likamwota Bi Salhina. Kwa kuwa shingo yake ilikuwa nene, halikuonekana mapema. Lilikua ndani kama kiazi kinavyokua ardhini pasipo mtu kuona, na aliyeligundua kwanza hakuwa mtu bali mkufu wenyewe: siku moja ya Idi kishikizo chake kilikataa kufika. Bi Salhina akautundika msumarini juu ya kitanda, na kutoka siku hiyo hakuuvaa tena.

Rovu likakua. Kamba ya sauti ikaanza kulegea. Akipanda kilima alisimama mara nyingi, na akilala chali alihisi kama mtu amemwekea jiwe kooni. Mzee Hangai akampeleka kwa daktari wa bondeni. Daktari yule alimtazama tangu kichwa hadi miguu, na mkono wake haukufika shingoni. Akasema kwamba mwili ule hauwezi kukatwa, kwamba mafuta yale yatamuua mezani, na kwamba arudi akiwa amekonda. Hayo ndiyo yote aliyoyasema, na Bi Salhina akateremka ngazi za zahanati akihisi kwamba ameshtakiwa kosa na kuhukumiwa bila kuulizwa.

Basi akafunga. Alifunga Jumatatu na Alhamisi, kisha akafunga siku za kati, na akifuturu alikula kama ndege. Mwili ukapungua kwa uchoyo, lakini rovu halikufunga pamoja naye. Lilizidi.

Bi Zamda alimwona amekaa kizingitini na uji wake mwepesi, akamwambia, "Bi mdogo, umefunga mpaka malaika wamechoka kuandika, na kiuno chako bado hakijaletewa habari."

Bi Salhina akamjibu kwa sauti iliyokwisha kuwa ya mchanga, "Da Zamda, kama kukonda kungekuwa ucha Mungu, wewe leo ungekuwa walii."

Wakacheka wote wawili, kisha kila mmoja akaingia upande wake wa ukuta. Lakini usiku Zamda alimsikia mwenzake akilala kwa kuketi, akiivuta pumzi kama mtu avutaye ndoo kutoka kisima kirefu, na asubuhi alimwendea mume wao akamwambia kwamba mwanamke huyu anakufa, na kwamba kuna mpasuaji katika hospitali ya misheni ng'ambo ya bonde, naye apelekwe leo.

Mpasuaji huyo aliitwa Daktari Nkwera, mtu wa maneno machache na mikono mirefu. Yeye aliigusa shingo. Aliigusa kwa muda mrefu, amefumba macho, kama anayesoma maandishi yaliyofutika. Kisha akamweleza ukweli wote, nao Bi Salhina hakuusahau maisha yake. Alimwambia kwamba unene huirefusha njia lakini hauifungi. Kazi yake itachukua saa nyingi kuliko kwa mtu mwembamba, kwa kuwa kila kitu kimekaa mbali zaidi ndani. Mtoa nusukaputi, yule wa dawa ya usingizi, atapata taabu kuipata njia ya pumzi. Kidonda kinaweza kuchelewa kufunga. Lakini ule uzi mwembamba unaoiendesha sauti, alisema, hauulizi uzito wa mwenyewe. Ukitafutwa kwa subira huonekana, kwa mnene na kwa mwembamba. Na kama angengoja akonde, rovu lisingengoja.

Bi Salhina akamwuliza swali moja tu: kama itapasa kuchagua kati ya roho na sauti, atachagua nini.

Daktari akasema, "Mama, mimi sitachagua. Nitavitafuta vyote viwili mpaka mikono ichoke."

Siku ya kisu ikafika. Mtoa nusukaputi alikunja mablanketi, akayapanga chini ya mabega na kichwa chake, akaongeza, akapunguza, mpaka sikio likawa sawa na kifua, ndipo akampa dawa ya usingizi. Bi Salhina alitamka shahada, na neno la mwisho likazama pamoja naye. Alizamishwa jua likiwa la asubuhi. Alipoibuliwa, adhuhuri ilikuwa imekwisha kupita.

Daktari Nkwera alikuwa amesimama kando yake, macho mekundu kwa uchovu. Akamwomba aseme neno lolote. Bi Salhina akasema herufi ya kwanza anayowafundisha wasichana wake, akairefusha kama ilivyo ada yake. Ilitoka nyembamba, lakini ilitoka safi. Daktari akageuza uso, akakaa kitambo akitazama ukuta.

Kabla ya kurudi chumba cha upasuaji, ambako mgonjwa mwingine alikuwa akimngoja, aliacha amri kwa muuguzi wa wodi, Sista Eliwaza, mama wa watoto, si mtawa. Shingo ya mama huyu ikae wazi, isifunikwe. Na isitazamwe kwa macho tu, bali iguswe, tena na tena, kwa maana shingo nene huficha damu kama mchanga unavyoficha maji. Sista Eliwaza akaitika. Akamwambia na Bi Zamda, aliyekuwa ameketi mkekani kando ya kitanda, kwamba nguo isiwekwe pale.

Ikapita sala ya alasiri. Mzee Hangai akaja kumtazama mkewe, na pamoja naye wazee wa mji wanne, wote wanaume. Bi Zamda akawaona mlangoni. Akaitazama shingo ya mwalimu wa chuo, shingo ambayo hakuna mwanamume wa Kisanzala ila mume wake aliyepata kuiona, imelala wazi mbele ya wodi nzima. Moyoni mwake alisema kwamba yule sista ni mtu mwema, lakini hii si heshima ya kwao. Akatoa mtandio wake mwenyewe, akamzungushia mwenzake shingoni na kifuani, akauchomeka vizuri. Alifanya vile kwa stara. Alifanya vile pia, kama alivyokuja kukiri mwenyewe, kwa sababu kwa mara ya kwanza alimwona Salhina hana uwezo wa kujistiri, na akaona haya kwa niaba yake.

Wazee wakakaa, wakaomba dua, wakaenda. Sista Eliwaza alipita mlangoni akibeba beseni, kwa kuwa kulikuwa na mtoto aliyeungua moto akilia upande wa pili. Aliuona ule mtandio. Akauliza kwa mbali, "Mama, hujambo?" Bi Salhina akaitikia kwa kichwa kwamba hajambo. Sista akasema moyoni kwamba atarudi kuuondoa, akaenda kwa mtoto. Hakugusa.

Bi Salhina akasinzia. Yaliyofuata yeye aliyajua kwa sehemu tu. Alijua kwamba aliota yuko chuoni, anawaita wasichana nao hawamsikii, na kwamba dari lilikuwa linashuka polepole. Mengine alisimuliwa.

Alisimuliwa kwamba alianza kukoroma. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walitabasamu, maana ni nani asiyejua kwamba watu wanene hukoroma? Mmoja akasema kwamba leo mwalimu anapumzika kweli. Lakini Bi Zamda aliinua kichwa mkekani. Akasikiliza. Akasikiliza tena. Kisha akasimama akasema, "Hivi sivyo anavyokoroma."

Yule mgonjwa akamwambia atulie, kukoroma ni kukoroma.

"Nimelala ukuta mmoja na mtu huyu tangu nikiwa na meno yote," akasema Bi Zamda. "Koromo lake hushuka, kisha hupanda. Hili linapanda tu."

Akaufungua mtandio. Shingo iliyokuwa chini yake ilikuwa imejaa, imekaza kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani, na midomo ya Bi Salhina ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Ndipo Zamda akapiga ukelele, ule ambao Kisanzala hupigwa nyumba ikiungua.

Sista Eliwaza akaja mbio. Alipogusa, alijua. Ndani ya kidonda mshipa ulikuwa umefunguka, na damu, kwa kukosa pa kutokea, ilikuwa inaibana njia ya pumzi. Akatuma mtu kumwita daktari. Mtu akarudi akasema kwamba Daktari Nkwera yuko mezani, tumbo la mgonjwa liko wazi mikononi mwake, na hawezi kuondoka kabla hajalifunga. Sheria ya hospitali ile ilikuwa moja na ilijulikana: jeraha la mpasuaji halifunguliwi na muuguzi. Aliyepata kuivunja alivuliwa sare yake.

Sista Eliwaza akaitazama ile sheria moyoni mwake, akautazama ule uso uliokuwa unazima. Akachukua mkasi, akakata nyuzi zote, za juu na za chini. Damu ikaruka mpaka kwenye aproni yake, na nyuma ya damu ikaja pumzi, ndefu, ya kutisha, kama ya mtoto anayezaliwa. Alikaa amebonyeza kidonda kwa mikono yake miwili mpaka daktari alipofika, akamrudisha mezani, akautafuta ule mshipa katika kina cha nyama na mafuta, akaufunga.

Bi Salhina akapona. Kidonda kilichelewa, kama alivyoonywa, lakini kilifunga. Sauti ikarudi, mwanzo kama uzi, kisha kama kamba, kisha ikateremka bonde na kupanda upande wa pili.

Ikawadia Ijumaa ya kumvisha ndugu wa shingo. Watu walikusanyika barazani kwa Mzee Hangai, na Sheikh Mkomeni, kadhi wa mji, akaketi kati. Mkufu wa fedha uliwekwa juu ya sinia. Bi Salhina aliketi mbele yake, shingo yake imestiriwa kwa mtandio mwepesi. Asubuhi ile, peke yake chumbani, alikuwa ameujaribu; na kishikizo kilifika. Alikaa nao shingoni kwa muda wa kusoma dua moja, kisha akauvua.

Kadhi akawataka waliofika waseme haki zao, na kila mmoja aanze na la kwake.

Daktari Nkwera akasimama. Alisema kwamba wengine waliona unene, yeye alimwona mgonjwa. Alimkubali akijua kwamba akimfia jina lake la udaktari litaharibika, akasimama juu yake tangu asubuhi hadi mchana, akautafuta uzi wa sauti mahali ambapo macho hayakufika ila kwa subira, akaupata, hakuugusa. Na mara ya pili ni yeye aliyeufunga mshipa. "Mimi si mtu wa mapambo," akasema. "Lakini mkufu huu ukitundikwa mlangoni pa chumba changu, kila mwanamke aliyefukuzwa kwa sababu ya mwili wake atauona, naye ataingia. Bila mimi, leo mngekuwa matangani."

Bi Zamda akamwuliza taratibu, "Na ule mshipa, daktari, nani aliufunga mara ya kwanza?"

Daktari akakiri kwamba ni yeye, kwamba aliufunga kama alivyofunga mingine mingi, na kwamba ulifunguka. Kwa nini, hajui.

Akasimama Sista Eliwaza. Alisema kwamba sauti iliyookolewa asubuhi ilikuwa inakufa jioni, na mwenye mikono mirefu hakuwapo. Alisema kwamba yeye alikuwa na mkasi upande mmoja na mkate wa watoto wake upande wa pili, akachagua mkasi. Hata sasa wakubwa wa hospitali walikuwa wamemsimamisha kazi, wakingoja kuamua. "Nikiwa ndugu wa shingo wa mama huyu," akasema, "nitaingia barazani kwao nikiwa nimeuvaa, na wataniuliza ni nini, nitawaambia. Bila mimi, leo mngekuwa matangani."

Daktari akamwuliza, bila ukali, "Sista, nilikuambia utazame au uguse?"

Akajibu, "Uliniambia niguse. Nikatazama." Akaketi.

Akasimama Bi Zamda. Hakuutazama mkufu. Alisema kwamba wodi nzima ilisikia, na hakuna aliyesikia. Wenye elimu walikuwa na kazi zao. Wagonjwa walicheka, kwa kuwa mnene akikoroma watu hudhani ni unene wake unaosema. Yeye peke yake aliijua ile pumzi. "Nimeijua kwa kuichukia," akasema. "Miaka mingi nilipiga ukuta kwa kisigino ili anyamaze. Siku ile ingenyamaza kweli, na mimi ndiye niliyekataa. Tena ni mimi niliyesema apelekwe. Bila mimi, leo mngekuwa matangani."

Sista Eliwaza akasema, "Bi Zamda, mtandio ule ulikuwa wa nani?"

"Ulikuwa wangu," akasema Bi Zamda. "Uliniambia nisiufunge, nikaufunga. Kama ningekutii, huenda ungeona mapema, na koromo lisingehitaji mtu wa kulisikia. Hilo nimelala nalo. Wala sitasema kwamba siutaki mkufu huu. Nilistahili kuvishwa kabla hamjamjua Salhina. Lakini mbele ya Mwenyezi Mungu, sikupiga ukelele kwa ajili ya fedha."

Watu wakamgeukia kadhi. Sheikh Mkomeni alikaa akiipitisha tasbihi vidoleni, kisha akasema kwamba vitabu vyake vinahukumu mirathi, ndoa na damu, lakini hakuna mlango wa shingo. Mmoja alitoa ujuzi wake, mmoja alitoa riziki yake, mmoja alitoa sikio lake. Na katika kila mmoja wao mauti yalipata upenyo mdogo wa kuingilia. Ada ilikuwa ya mwenye shingo, naye ahukumu kabla jua halijatua.

Bi Salhina akauchukua mkufu kwa mikono miwili. Akamtazama daktari, ambaye mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwake katika nchi ile, na siku ya jeneza pengine asingekuwapo kusema neno. Akamtazama Sista, aliyeketi na sare aliyoazima kwa kuwa yake imezuiwa, aliye na haja kuliko wote. Akamtazama Zamda, aliyemtangulia kwa umri, ambaye kwa kudra ya Mola angeweza kutangulia na kaburini. Zamda aliyemfunga shingo na kuifungua kwa mkono uleule.

Akasimama, kwa taratibu zake za siku zote. Akafungua kishikizo. Wote watatu waliinamisha vichwa, na hakuna aliyejua kama waliinama kwa haya au kwa kungoja kuvikwa. Akavuta pumzi, na pumzi ikaingia bila kizuizi, akapiga hatua ya kwanza.

Nanyi mliokaa nami mpaka hapa, mna shingo na mna masikio. Aliyethubutu na mshipa ukamponyoka, aliyekata nyuzi baada ya kutogusa, aliyeisikia pumzi aliyoiziba mwenyewe: mkufu ni mmoja, na jua linatua. Je, ni nani aliyestahili kuvishwa?